Laiki Hazileti Maji Bute

Wiki jana, saa tano usiku, kijana mmoja wa hapa nyumbani alinitumia ujumbe. Hakuna salamu, hakuna kuulizana habari za nyumbani. Ni picha tu ya skrini ya simu yake: video imefika mitazamo 41,000. Chini ameandika, "Na wewe uko ngapi?"

Mimi nilikuwa 380.

Wacha niseme ukweli, iliniuma. Nilijigeuza kitandani kama mtu ameibiwa ngamia. Video yangu ilikuwa ya kisima ambacho jenereta yake imekufa, akina mama wamepanga mitungi foleni tangu alfajiri. Video yake ilikuwa ya kumuigiza mzee wa ukoo mwingine, lafudhi na kila kitu, fimbo mkononi. Nilicheka pia, sitajifanya. Halafu nikafungua komenti. Zilikuwa zaidi ya 900. Nikasoma za kwanza hamsini hivi na nikafunga simu, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeisha kwenye komenti ya tatu. Zilizobaki ni ukoo huu unatukana ukoo ule, na mwingine yuko mbali huko anaahidi watu kwamba "tutaonana".

Asubuhi yule kijana akanitumia tena: "Ona ushiriki, buda! Nimewashika!"

Basi leo tuongee kuhusu hii kitu. Sina ubaya na huyo kijana, ni ndugu yangu, na ana kipaji kuliko mimi. Ubaya wangu ni na lile swali lake. "Uko ngapi?" Limekuwa salamu yetu. Zamani mtu akikutana na wewe alikuuliza mvua imenyesha wapi, mifugo iko aje, wazee wako salama. Siku hizi tunaulizana idadi. Na mimi nasema hivi: hiyo idadi tunayoulizana haipimi kile tunachodhani inapima, na kwa watu wa kwetu, kuifuata kama kipofu anavyoshika mkia wa punda kutatuumiza.

Tuanze na mtazamo wenyewe. Kwani mtazamo ni nini?

Wengi wetu tunafikiri mitazamo 41,000 ni watu 41,000 waliokaa wakatazama. Hapana. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube inahesabu mtazamo kwenye video zake fupi kila video inapoanza kucheza au kujirudia. Hakuna muda wa chini. Umepita na kidole, imeanza, imehesabiwa. Ikijirudia mara tatu mfuko wa suruali ukiwa umeibonyeza, ni mitazamo mitatu. Facebook kwa miaka mingi ilitumia sekunde tatu. Sekunde tatu, wasee! Mtu hajamaliza hata kusema Bismillahi.

Kuna vitu vitatu hapa na watu wanavichanganya. Mitazamo ni mara ambazo video imecheza. Ufikiaji ni akaunti ngapi tofauti zimeonyeshwa hiyo video. Ushiriki ni wale waliofanya kitu: laiki, komenti, kushea, kuseva. Mtu mmoja akiangalia video yako mara kumi, mitazamo ni kumi, ufikiaji ni mmoja. Sasa wewe unakuja kwangu na kumi unasema una watu kumi. Una mtu mmoja, na pengine ni mama yako.

Na hata hizo hesabu zenyewe, nani amezipima? Mwaka 2016 Facebook ilikubali hadharani kwamba ilikuwa imewapa wanunuzi wa matangazo wastani wa muda wa kutazama video ulioongezwa chumvi, kwa sababu ilikuwa haiwahesabu wale walioondoka kabla ya sekunde tatu. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi. Sisemi kila namba ni uongo. Nasema mizani ni ya muuza nyama, iko ndani ya bucha lake, na yeye anakula kutokana na uzito. Ukinunua hapo, angalau angalia mshale kwa macho yako.

Sasa twende kwa ushiriki, kwa sababu hapo ndipo moto uko.

Ushiriki hauna hisia. Komenti ya "Mungu akubariki" na komenti ya "nyinyi si watu" zina uzito sawa kwenye hesabu. Wakati mwingine ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu ya kwanza haijibiwi, lakini ya pili inajibiwa mara sitini. Na hii si mimi nawaza tu chini ya mti. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017, ile alama ya uso wenye hasira ilihesabiwa mara tano ya laiki ya kawaida. Mara tano! Mtu akikasirika, chapisho linapanda kuliko mtu akifurahi na kubonyeza kidole gumba. Kampuni ilikuja kushusha uzito huo kidogo kidogo, na mwaka 2020 ikaufanya sifuri. Lakini miaka hiyo yote, mashine ilikuwa inasukuma hasira mbele, na wengi wetu tulijifunza kazi hii tukiwa ndani ya mashine hiyo.

Sasa unaniambia "hayo ni mambo ya Marekani". Bute iko karibu na mpaka wa Ethiopia, tuna ndugu pande zote mbili. Huko Ethiopia, Novemba 2021, Profesa Meareg Amare aliuawa Bahir Dar baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumshambulia kwa sababu ya kabila lake. Mwanawe, Abrham Meareg, pamoja na wenzake, walifungua kesi dhidi ya Meta, na unajua walifungua wapi? Nairobi, Desemba 2022. Wanadai algoridhimu ilisukuma chuki mbele kwa sababu chuki ina ushiriki. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza. Kesi si hukumu, sitaki kumhukumu mtu kabla ya jaji. Lakini yale machapisho yalikuwa na ushiriki. Mtu alishea. Mtu aliweka komenti. Kwenye takwimu za akaunti, siku hiyo ilikuwa siku nzuri.

Fikiria hiyo. Siku nzuri.

Na sisi tunajua ukoo kwa ukoo ni nini. Waulize wazee wako, hawatakuambia kwa kujisifu. Hapa kwetu mzaha wa lafudhi unaweza kuanza kwa simu saa nane mchana na kuisha kwenye malisho usiku. Ndugu yangu wa 41,000 hakuua mtu, na hakutaka ubaya. Alitaka idadi. Ndiyo maana namuogopea. Mtu anayetaka ubaya, tunamjua na tunajilinda. Mtu anayetaka idadi tu ataenda popote idadi ilipo, na kama idadi iko kwenye matusi, atakwenda huko huku anacheka na kamera.

Kuna kitu kingine kinanishangaza na sisi watu wa Kaskazini Mashariki. Hakuna watu Kenya wanaojua siasa ya kuhesabiwa kama sisi. Sensa ya 2009, serikali ilifuta matokeo ya wilaya nane, za Turkana na za huku kwetu, zikiwemo Wajir Mashariki na za Mandera, ikisema idadi imepanda kuliko inavyoweza kuelezwa na watu kuzaliwa na kufa. Watu wetu wakaenda kortini. Sensa ya 2019 ikaipa Garissa watu 841,353, Wajir 781,263 na Mandera 867,457, kelele zikaanza tena, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikafuta matokeo ya baadhi ya maeneo ya kaunti hizi tatu. Miaka kumi na zaidi tunabishana kuhusu idadi! Kwa nini? Kwa sababu idadi ya watu inaingia kwenye hesabu ya pesa za kaunti, na kwenye mipaka ya maeneo ya ubunge. Ukihesabiwa vibaya, barabara inapotea, zahanati inapotea.

Yaani sisi tumefundishwa na maisha kuuliza maswali magumu: nani amehesabu? Amehesabu nini? Amewaacha nani? Tunauliza hivyo serikalini mpaka kortini. Halafu tukishika simu, akili yote inaisha. Kampuni iko California inatuambia "41,000" na sisi tunasema "amina". Tunalia kwamba sensa haikutuhesabu sawasawa, kisha wenyewe tunanunua wafuasi bandia. Kweli? Mtu wa Wajir, na historia hii yote, ananunua watu wa uongo?

Na tazama walioachwa. Hii ndiyo hoja yangu kubwa, kwa hiyo tulia kidogo.

Akko wangu, yaani nyanya yangu, hana simu ya skrini. Ana ile ndogo ya vibonyezo, ya M-Pesa na ya kupigiwa. Kila nikirudi nyumbani anataka nimchezee video, na anaitisha majirani. Wanakaa akina mama wanane, simu moja, bando langu. Wanabishana na mimi, wananirekebisha Kiborana changu, mmoja analia, mwingine ananiambia hiyo si kweli, haikuwa hivyo. Kwenye takwimu, kikao hicho chote ni nini? Mtazamo mmoja. Na kwa kuwa ni simu yangu mwenyewe, pengine hata huo mmoja ni mimi.

Vijana kwenye kibanda cha chai wanapitishiana video kwa Bluetooth kwa sababu mtandao ni mbovu na bando ni ghali. Haihesabiwi. Mtu anapakua, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, kundi lina watu mia mbili, wako Isiolo, Moyale, Eastleigh, wengine wako Ghuba. Haihesabiwi, au inahesabiwa kama kushea mara moja. Watu wetu walisikiliza redio hivi hivi, idhaa ya Kisomali ya BBC ipo tangu 1957, redio moja kwenye kivuli na masikio ishirini kuizunguka. Sisi ni watu wa kusikiliza pamoja. Ile dashibodi imetengenezwa kwa mtu aliye peke yake chumbani na simu yake. Kwa hiyo inamuona huyo, na haimuoni akko.

Sasa rudi kwa ile video yangu ya kisima, ya mitazamo 380.

Mama mdogo wangu aliniambia, "Hiyo video umeongea Kiswahili cha shule, nani atakusikia? Rekodi sauti, ongea kama mtu." Nikarekodi sauti ya dakika mbili kwa Kiborana. Nikasema kisima ni kipi, kimekufa lini, mtungi wa maji sasa unauzwa ngapi, kifaa gani kimeharibika. Yeye akaituma kwenye makundi yake. Mimi sikufanya lingine. Ofisi inayohusika tulikuwa tumeipigia wiki mbili nzima, "tunashughulikia, tunashughulikia". Ndani ya siku nne watu wa nyumbani walioko Nairobi na Moyale walikuwa wamechanga kwa M-Pesa, fundi akapatikana, kifaa kikapanda gari. Siku ya sita jenereta ikanguruma. Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikasahau hata kurekodi.

Niulize sauti hiyo ilifikia watu wangapi. Sijui na sitajua, WhatsApp hainipi takwimu. Lakini kisima kimoja kinatoa maji. Ushiriki wa kweli ni huo, ndugu zangu: mtu ametoa shilingi mfukoni, fundi amepanda gari, mama amelala mpaka saa kumi na mbili badala ya kupanga foleni saa tisa.

Najua utanijibu nini. "Wewe unaongea hivyo kwa sababu huna idadi. Sungura na zabibu. Sisi tunatafuta pesa."

Sawa. Tuongee pesa, na sitakuambia pesa ni mbaya, maana mimi pia nanunua bando.

Kweli, milango mingine inafunguliwa na idadi. YouTube ikupe mgao kamili wa matangazo, unahitaji wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Hizo ni idadi, na huwezi kuzikwepa. Na ukishalipwa, sheria ya fedha ya 2023 inakukata asilimia 5 kama mkazi wa Kenya. Walikuwa wamependekeza 15, watu wakapiga kelele. Mimi sipingani na hayo. Lakini angalia vizuri hilo sharti la kwanza: saa 4,000. Saa, si mibonyezo. Hata YouTube yenyewe, inapofika wakati wa kutoa pesa, inauliza watu walikaa na wewe muda gani. Kwa nini sisi tuulizane kitu chepesi kuliko anachouliza mwenye pesa?

Halafu wengi wetu hatutaishi kwa YouTube. Tutaishi kwa matangazo ya watu wa hapa hapa: mwenye duka la simu, mama wa maziwa ya ngamia, mwenye gari la abiria, mwenye shule ya madrasa. Jamaa mmoja wa duka mjini Wajir alinisimulia. Alilipa kijana mwenye wafuasi 20,000 amtangazie. Tangazo likapata laiki 60. Mteja aliyekuja akisema ameona tangazo hakuna hata mmoja. Baadaye akajua wengi wa wale wafuasi walinunuliwa, akaunti za majina ya ajabu zisizo na picha. Sasa yule mwenye duka hamwamini kijana yeyote mwenye kamera, mimi nikiwemo. Ukinunua wafuasi, pesa unayoiba si ya mwenye duka peke yake. Umeiba na ya vijana wote watakaofuata kwenye mlango huo.

Fanya hesabu, ni ya darasa la saba. Laiki 60 kwa wafuasi 20,000 ni asilimia 0.3. Dada mmoja ninayemjua ana wafuasi 700, anaongea juu ya afya ya mifugo tu, na anapata watu 90 wanaojibu. Hiyo ni karibu asilimia 13. Mwenye duka la dawa za mifugo akiwa na akili, atamlipa nani? Na wafuasi bandia wana adhabu nyingine: ukichapisha, programu inawaonyesha baadhi ya wafuasi wako kwanza iangalie wanafanya nini. Wale bandia hawafanyi chochote. Programu inasema, "hii haina ladha," inaizika. Umelipa pesa ili uzikwe.

Nendeni soko la mifugo mtazame mnunuzi mzee. Hahesabu mbuzi kutoka kwenye gari. Anaingia zizini, anaweka mkono mgongoni, anashika kiuno, anaangalia meno. Mbuzi hamsini wa mifupa anawaacha, anachukua kumi. Baba zetu hawakudanganyika na wingi. Sisi tumetoka wapi?

Na msiniambie mtu mdogo, bila wafuasi, hawezi kubadilisha kitu. Wajir hii hii, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilikuwa zinauana. Mwaka 1992 wanawake wachache wa koo tofauti walikutana wakaanza na soko tu: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aruhusiwe kuuza na kununua. Wakawa wanakaa sokoni kuhakikisha. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir, hakuwa na miaka thelathini. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kwa vijana, kwa maafisa, na mwaka 1993 wazee wa koo wakatia saini Azimio la Al Fatah. Mwaka 2007 dunia ikampa Dekha tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Alifariki 2011. Sasa mpe ile picha ya skrini umuulize, "Na wewe uko ngapi?" Walianza wachache, sokoni, kwenye jua. Ufikiaji wao ulikuwa umbali ambao sauti ya mama inafika.

Sisemi mitandao haina nguvu. Mwaka 2011, ukame ulipotuchapa, kampeni ya Kenyans for Kenya chini ya Msalaba Mwekundu ililenga shilingi milioni 500 kwa mwezi, na lengo likapitwa. Watu walitoa hata shilingi kumi kumi kwa simu. Hiyo ilisambaa mitandaoni, ndiyo, lakini mwisho wake ulihesabiwa kwa shilingi na magunia. Na tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 kuuawa, wengi wao wanafunzi, rika letu, Wakenya walifanya nini mtandaoni? Idadi iliyotangazwa kwanza ilikuwa 147, na wakatengeneza hashitegi ya kusema 147 si idadi tu. Wakaanza kuweka majina, picha, huyu alitaka kuwa mwalimu, huyu alipenda mpira. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka mtandao ukiwa na akili. Hashitegi ilitrendi dunia nzima, na ujumbe wake ulikuwa huu: acheni kuhesabu, mtajeni mtu.

Miaka kumi baadaye tunaamka asubuhi tunaulizana "uko ngapi".

Basi, si vizuri kubomoa bila kujenga. Mimi sasa nina daftari, la karatasi, la shilingi hamsini. Kila chapisho lina mistari minne.

Wa kwanza: ni nani nilitaka afikiwe? Naandika kabla ya kuchapisha. Si "watu". Naandika "akina mama wa kisima", "wanafunzi wa kidato cha nne Bute", "mwenye lori la maji".

Wa pili: wametoka wapi walioona? Takwimu za akaunti zinaonyesha nchi na miji, fungua uangalie. Kama umeongea juu ya daraja la kwenu na watazamaji wengi wako nchi ambayo hata hawajui Wajir ni wapi, hukufika. Ulipita tu.

Wa tatu: walikaa na walihifadhi? Naangalia muda wa kutazama, walioseva, walioshea kwa mtu. Laiki naiacha mwisho kabisa. Laiki ni kupungia mtu mkono ukiwa kwenye gari linalokimbia.

Wa nne: kuna mtu amefanya nini? Amepiga simu, amechanga, ameenda kliniki, ameomba msamaha, amenirekebisha. Naandika kwa maneno. Mstari huu mara nyingi unabaki mtupu, na nikiona mtupu wiki tatu mfululizo najua tatizo si algoridhimu. Tatizo ni mimi.

Na komenti naziandikia alama pembeni: wanaongea na mimi, au wanachinjana wao kwa wao? Zikiwa za kuchinjana, nafunga komenti. Ndiyo, najua idadi inashuka. Ishuke. Ukiwasha moto kwenye nyasi kavu, huwezi kusema wewe ulikuwa unapima upepo.

Kwa ndugu yangu wa 41,000: walahi una kipaji. Uso wako unachekesha hata ukinyamaza. Nilikujibu usiku ule kwa hasira, nikakuandikia "idadi si kitu", na haikuwa kweli kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naisoma idadi yako huku roho inaniuma. Wacha nikujibu vizuri sasa. Uliniuliza niko ngapi. Niko akina mama wanane, fundi mmoja, mama mdogo mmoja na kisima kimoja. Wewe, kati ya wale 41,000, nipe jina la mtu mmoja aliyelala vizuri usiku ule kwa sababu yako. Ukinipa, nitanyamaza na nitakushea mwenyewe.

Na yule mzee uliyemuigiza, anaishi. Anapita hapo msikitini kila alasiri. Twende tumsalimie, mimi na wewe, bila kamera.

Wengine wote mliofika hapa chini: msinipe laiki. Niandikieni jina la kisima, barabara au zahanati ya kwenu iliyokufa, tangu lini, na nani anapaswa kuitengeneza. Nitazisoma zote, na nitazirekodi kwa sauti, kwa lugha ambayo akko anasikia.